Chupa Iliyovikwa Kitenge

Sehemu ya Saba

Alimeza.

Nyinyi mlioniandikia wiki nzima mkiuliza kama mzee Kabeya aliimeza ile whisky au aliitema, jibu ndilo hilo. Aliimeza yote, mbele ya familia mbili, na hata mimi ninayewasimulia nilitamani angeitema.

Kama gazeti hili umeliokota leo kwa mara ya kwanza, vuta kiti. Ni Jumapili alasiri, Kindu, mtaa wa Kasuku, katika nyumba ya tofali iliyo karibu na stesheni. Mzee Kabeya, karani wa mizigo aliyestaafu, anapokea posa ya binti yake Douce. Kijana anayeposa anaitwa Dieumerci. Baba wa kijana ni Anaclet, mfanyabiashara wa Kampene, mtu mnene mwenye kucheka sana. Juu ya meza kuna chupa moja, imefungwa kitenge kuanzia shingoni hadi miguuni.

Na desturi yenyewe ni hii. Chupa ya posa huja imevikwa kama mtoto mchanga, na hakuna ruhusa ya kuchungulia, kwa sababu upande wa msichana hauhukumu karatasi ya chupa, unahukumu kinywaji. Aliyeileta hunywa kwanza, watu waone kwamba hakuna sumu. Kisha baba wa msichana, kisha shangazi, mwisho mama. Baba akimeza amekubali. Mama akimeza, mambo yamekwisha, na asiyependa akalalamike kwa samaki wa Lualaba.

Anaclet alikuwa ameshakunywa fungu lake na kujipangusa mdomo.

"Haya, muzee," alisema. "Watu ya Kindu wanasema ulimi yako njo ya kwanza. Tuambie, unasikia nini mu kinywa?"

Watu wakacheka. Kabeya anajulikana. Harusi nyingi za Kasuku haziendi bila yeye kuonja lotoko, ile pombe kali ya kienyeji, na kusema ipi imepikwa vizuri na ipi itawapofusha wageni. Alikojifunzia hajawahi kumwambia mtu.

Lakini Kabeya hakucheka. Alikuwa bado ameishika glasi, na macho yake yalikuwa ukutani.

Kwanza alikuwa amesikia sukari iliyoungua kidogo chini ya sufuria. Ikafuata ndizi iliyoiva na kuchomwa kwenye majivu. Hayo hayakumtisha, whisky nyingi nzuri zina utamu wa namna hiyo. Kilichomtisha kilikuja mwisho, wakati kinywaji kimeshashuka na mtu mwingine angekuwa ameshasahau. Ganda la chungwa lililokaukia juani, na nyuma yake taruma, ile mbao inayolaliwa na reli, inavyonuka mafuta saa saba mchana.

Ladha hiyo aliwahi kuionja wakati mmoja tu maishani, kutoka pipa moja tu.

"Bokilo," alisema polepole, maana ndivyo wakwe wanavyoitana huku, "hii kitu uliitoa wapi?"

"Aa! Iko muzuri, sivyo?" Anaclet akacheka. "Niliibeba miaka makumi mbili na tatu. Nilisema, siku mutoto wangu ya kwanza ataoa, njo siku nitaifungua."

Miaka ishirini na mitatu! Hesabu hiyo mzee Kabeya hakuhitaji karatasi. Hebu turudi nyuma, msomaji, lakini upesi, maana glasi inaelekea kwa shangazi.

* * *

Ulikuwa mwaka 2002, Kindu imezingirwa. Garimoshi halikuja, mashambani hakuendeki, na aliyethubutu kwenda kuchuma sombe, majani ya muhogo, ng'ambo ya pili ya mto alirudi amebebwa au hakurudi. Watu walikula mizizi ya mipapai. Katika nyumba hii hii ya tofali, Komanda mmoja alikuja na askari wake, akaangalia sebule, akasema, "Hapa panafaa." Kabeya, mke wake Mbelu, mtoto wao Douce wa miezi saba, na mdogo wake Kabeya aliyeitwa Beya, wote walihamia chumba cha nyuma. Nani angekataa?

Siku moja ndege ilileta mgeni mzungu aliyekuwa akinunua madini. Aliacha zawadi, chupa nne za whisky zenye vizibo vilivyochovywa katika nta nyekundu. Kabeya aliitwa kuzibeba, na mgeni akamweleza Komanda kwa Kifaransa, Kabeya amesimama pale kama kabati.

Whisky nyingine, alisema mgeni, huchanganywa kutoka mapipa mia, ili zote zifanane. Hii haikuchanganywa. Imetoka pipa moja, na pipa hilo likiisha limeisha. Ndiyo maana namba ziliandikwa kwa mkono juu ya karatasi: pipa la 87, chupa ya 141, 142, 143 na 144. Imepikwa kwa mahindi, akasema, ikalazwa miaka mingi ndani ya mbao mpya iliyounguzwa kwa moto.

Mahindi! Kabeya alitaka kulia. Mji mzima haukuwa na punje, na huko kwao watu waliyalaza mahindi ndani ya pipa wakasubiri yageuke maji.

Mgeni alifundisha namna ya kunywa. Usiimwage kooni kama lotoko. Zungusha glasi, weka pua juu yake ukiwa umefungua mdomo kidogo, tia tone moja la maji, kisha itafune kama chakula. Komanda alipenda sana somo hilo. Ila Komanda aliogopa sumu kuliko risasi. Tangu siku ile, kila jioni kabla ya giza, alikuwa akiita:

"Karani! Kuja uonje."

Kabeya alionja, Komanda akiangalia saa yake kuona kama atakufa.

"Sema unasikia nini."

Na Kabeya, ambaye tumbo lake lilikuwa limeshikana na mgongo, alisema. Ndizi. Asali ya msituni. Karanga za kukaanga. Maandazi ya Masista. Kila chakula alichokitamani alikikuta ndani ya glasi ile, na kila alipokitaja Komanda alipiga paja kwa kicheko. "Huyu muntu ya Kasai anakula na ulimi tu!" Ulimi wa mtu mwenye njaa hausahau kitu. Ndiyo shule aliyosoma mzee Kabeya, na ndiyo sababu hamwambii mtu.

Kisha chupa ya nne ikapotea.

Chupa ya 144. Komanda hakupiga kelele, na hapo ndipo watu walipoogopa. Aliwapanga wote waliokuwa wakiingia nyumba ile, wanaume tisa, mbele ya baraza.

"Karani," alisema, "weye uko na pua. Pita, nusa vinywa. Mwizi atakuwa ameionja."

Kabeya akapita. Kinywa cha kwanza njaa, cha pili njaa, cha tatu tumbaku. Wa saba alikuwa Beya, mdogo wake, tumbo moja. Beya akafungua mdomo, na ndani yake kulikuwa na ganda la chungwa na taruma.

Msomaji, Beya hakuiba. Kabeya alijua hakuiba. Jioni ile ile, kabla chupa haijatafutwa, Komanda alipogeuka, Kabeya alikuwa ameficha tone la mwisho la glasi yake, akampelekea mdogo wake aliyekuwa analia njaa, akamwambia, kunywa, ina mahindi ndani. Harufu ile ilitoka mkononi mwake mwenyewe.

Hakusema neno. Hilo ndilo analojiambia mpaka leo, kwamba hakusema neno. Alisita tu. Alikaa mbele ya kinywa cha Beya pumzi moja au mbili zaidi ya alivyokaa mbele ya vingine, kisha akasogea kwa wa nane.

Komanda aliona.

Beya alichukuliwa kuelekea mtoni, na nyumba ile haikumwona tena. Angeweza Kabeya kusema nilimpa mimi? Angeweza. Mdomo haukufunguka. Na kwa sababu mtu hawezi kulala na jambo la namna hiyo, miaka ilipopita alianza kujidanganya kwamba labda Beya aliiba kweli, labda ile harufu ilikuwa nzito kuliko tone moja.

Mke wake Mbelu hakuwa barazani siku ile. Alichosikia ni kwamba kuna mtu aliyemwonyesha Beya kwa Komanda. Tangu hapo, kila jioni kwa miaka ishirini na mitatu, baada ya rozari Mbelu huongeza sala yake mwenyewe. Humwomba Mungu akifunge kinywa cha yule aliyemtoa Beya.

Na Kabeya, akiwa amepiga magoti kando yake, huitikia amina.

* * *

Sasa rudini sebuleni.

"Fungua kitenge," alisema Kabeya.

"Muzee, desturi…" alianza Dieumerci kwa heshima.

"Nimesema fungua!"

Hakungoja. Aliinyakua chupa akaivua kitenge mwenyewe, watu wakaguna kwa aibu. Nta nyekundu ilikuwa bado imeng'ang'ania shingoni. Karatasi ilikuwa imegeuka manjano, lakini wino ulisomeka. Pipa la 87. Chupa ya 144.

Karani wa mizigo husahau nyuso, namba hasahau.

Fikiria mwenyewe kilichopita kichwani mwa mzee yule. Kwa hiyo mwizi alikuwepo! Mwizi halisi, mnene, mwenye kucheka, ameketi kwenye kiti chake bora na amekuja kumchukua binti yake. Beya alikwenda mtoni kwa ajili ya mtu huyu. Na yeye, Kabeya, amemeza!

"Posa hakuna," alisema. "Mutoto wangu haende mu nyumba ya hawa watu."

"Papa!" Douce alipiga kelele kutoka mlangoni, ambako wasichana walikuwa wamemficha kwa khanga mpya.

"Kabeya, uko na homa?" Huyu alikuwa shangazi Émilienne, dada yao mkubwa, Kabeya na Beya aliwabeba mgongoni wote wawili. Mwanamke huyu haogopi mtu. "Umeisha kumeza. Baba akimeza, neno imekwisha. Unataka ukoo yetu ichekwe mpaka Kibombo?"

Kabla hajamzuia, Émilienne alimimina, akainua glasi, akapiga fundo moja. Akakunja uso kidogo, akasema inachoma vizuri. Kisha akamimina tena na kuipeleka glasi kwa Mbelu.

Ilibaki glasi moja tu, nanyi mnajua maana yake.

"Mbelu, usinywe!" alilia Kabeya. "Hii chupa njo ile! Njo chupa ya Komanda! Njo ile waliulia Beya!"

Nje mtu alikuwa akitwanga sombe, na kila pigo la mchi lilisikika.

Mbelu alikuwa ameishika glasi kwa mikono miwili. Mwanamke wa kanisa, hajawahi kuonja pombe maishani. Aliinamisha pua juu ya glasi, akanusa. Uso wake ukapauka, na Kabeya akadhani ni hasira, kama yake.

"Weye njo ulikuwa mwizi," Kabeya alimgeukia Anaclet. "Sema mbele ya watu. Mudogo wangu alikufa juu yako."

Anaclet hakucheka tena.

"Bokilo, miye sikuiba. Niliipata kwa kubadilisha. Wakati ya vita nilikuwa natembeza mali na kinga, baiskeli yangu, nalala mu pori, naingiza muchele na chumvi mu mji. Watu walikuwa wananipa kile wako nacho."

"Nani alikupa?"

"Sijue jina."

"Unadanganya!"

"Kabeya," alisema Anaclet kwa sauti ya chini, na jicho lake moja likaenda upande wa wanawake, likarudi upesi. "Tuache hii maneno. Nakuomba. Rudisha mali yangu yote ya posa kama unataka, lakini usiniulize mbele ya watoto."

Hapo ndipo Kabeya angenyamaza, wapendwa wangu. Mtu mzima akikuomba usimuulize, usimuulize. Lakini huyu alikuwa amebeba mzigo miaka ishirini na mitatu, na kwa mara ya kwanza alimwona mtu anayeweza kumtwika. Nani angeacha?

"Sema! Kama hapana, toka mu nyumba yangu na mutoto wako!"

"Papa, nakuomba…" Douce alikuwa ameshaingia sebuleni, ambako hakuruhusiwa, machozi yameharibu poda yote. Dieumerci alisimama. Hakujua amshike mkono au amheshimu baba yake.

Anaclet akashusha pumzi.

"Alikuwa mwanamuke," alisema. "Alikuja nyuma ya soko, saa ya adhuhuri, anatetemeka. Nilimupa kilo mbili ya muchele na boîte moja ya maziwa ya unga. Hakuangalia muchele, aliangalia maziwa tu. Mutoto alikuwa mu mugongo, hana nguvu ya kulia. Miye nakumbuka ule mutoto kwa sababu hakufungwa na kitambaa ya kawaida. Alifungwa na bendera. Ile ya kijani, ya reli, ile wanapepea gari ianze kwenda."

Msomaji, unakumbuka sehemu ya pili? Vitambaa vilipokwisha mjini, ni Kabeya aliyeichukua bendera ya kijani kutoka ofisi ya stesheni akamfunga nayo binti yake. Hapakuwa na mtoto mwingine wa namna hiyo Kindu nzima.

Na mchele ule aliukumbuka pia. Mbelu alikuwa amerudi nao siku moja akasema Masista wamegawa. Waliula wote usiku ule, Kabeya, Mbelu, na Beya, ambaye alilamba sufuria na kuwashukuru Masista. Kesho yake alichukuliwa.

Kabeya aligeuka polepole. Hakutaka kugeuka, lakini shingo ilimsaliti.

Mbelu alikuwa analia bila sauti. Glasi ilikuwa bado mikononi mwake, imejaa.

"Njo miye," alisema. "Nilikuwa nafagia chumba ya Komanda. Kasha ilikuwa wazi. Douce hakukuwa ananyonya tena, maziwa yangu ilikuwa imekauka, macho yake ilikuwa inageuka. Nilisema, Mungu, moja tu, hataona." Alimtazama binti yake. "Ulikunywa ile maziwa siku tano. Siku ya tano ulicheka."

Douce alijishika kifua kama aliyepigwa. Kwa nini wamwambie leo? Kwa nini wamwambie kabisa?

"Walipomukamata Beya nilitaka kwenda kusema," Mbelu aliendelea. "Nilifika mu mlango. Nilikuwa na weye mu mugongo, Douce. Nilisema, wakiniua, huyu atakufa pia. Nikarudi nikakaa. Ile kukaa, nimeikaa mpaka leo."

Kabeya alitaka kumwendea. Niamini, alitaka. Alitaka kumwambia mama Douce, nyamaza, si wewe, chupa tu haikumuua mtu. Ukweli uliokuwa ndani yake ungemtua mwanamke yule mzigo hapo hapo, mbele ya wote. Ulihitaji sentensi moja tu. Lakini sentensi hiyo ingemtua Mbelu na kumbebesha yeye, na hakuinuka kwenye kiti.

Mbelu alijifuta uso kwa kona ya kitenge cha chupa. Akasimama.

"Zambi yangu nimeisema," alisema. "Bokilo yangu asishitakiwe, hakuiba, alinisaidia. Douce aolewe, hii ndoa haina kosa. Nitakunywa hii glasi. Lakini kabla nikunywe, niko na neno moja ya kuuliza, na nimelingojea muda murefu."

Akamgeukia mume wake.

"Miye niliuzisha chupa. Sikumuonyesha Beya. Muntu fulani alimuonyesha, kati ya wanaume tisa, na hakukuwa na sababu, maana Beya hakuiba. Weye ulikuwa pale, Papa Douce. Miaka yote sikukuuliza, kwa sababu kama ungeanza kusema, ungenifikia miye. Sasa iko wazi. Nani?"

Watu wote wakamtazama Kabeya. Anaclet, Dieumerci, wasichana wa mlangoni. Douce alimtazama kwa macho ya Beya, maana alirithi macho ya baba mdogo, kila mtu husema hivyo.

Jibu lilikuwa rahisi. Angeweza kumtaja yeyote. Saba kati ya wale tisa wamekwisha kufa, na mfu hakatai. Angeweza kusema sikuona. Angeweza kusema ni mimi. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa harufu ya ganda la chungwa na taruma.

Akasita.

Ilikuwa pumzi moja, labda mbili. Shangazi Émilienne, aliyekuwa ameketi karibu naye kuliko wote, alimwangalia mdomoni, akangoja, akaona neno haliji. Alinyoosha mkono, akaichukua glasi kutoka kwa Mbelu, akaiweka mezani taratibu, haijanywewa.

"Kabeya," alisema. "Njo weye?"